BARAZANI KWA MWALIMU: Nani Anayeinywa Betri?

Mwezi huu tumeonelea tuweke kando habari za mitihani na za lugha, tuzungumze juu ya jambo linalozisumbua nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Uingereza, hasa wakati wa baridi. Gari huegeshwa jioni likiwa salama. Asubuhi hutiwa ufunguo, likatoa mlio mmoja mdogo na kunyamaza. Huazimwa umeme kwa gari la jirani, likawaka, na baada ya siku tatu mambo yakawa yale yale.

Wenye kufanya kazi ofisini saa tatu asubuhi wataona hili ni udhia tu. Lakini wengi wetu hufanya kazi za zamu, katika hospitali na nyumba za kulelea wazee, na huondoka kabla basi la kwanza halijapita. Mwenye kuchelewa mara tatu huandikiwa barua, na baada ya barua hujulikana kinachofuata.

Dada mmoja wa jamaa zetu, mjane mwenye watoto watatu, alinunua betri mbili katika muda wa miezi mitano, kisha karakana ikamwambia anunue ya tatu. Akatupigia simu: "Mwalimu, wananambia betri mbovu tena. Mie pesa ya betri ya tatu sina." Hatusemi karakana ilisema uongo. Betri ile kweli ilikuwa imeharibika, kama tutakavyoeleza. Swali ambalo hakuna aliyeliuliza ni nini kilichoiharibu.

Sisi tulimwuliza jambo moja: gari hukataa siku gani? Akafikiri kidogo, akajibu kwamba ni Jumatatu, karibu kila mara. Siku nyingine liliwaka kwa uvivu, lakini liliwaka. Naye hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, na mwisho wa juma haligusi, kwa kuwa msikiti na maduka yako karibu na nyumba. Basi gari lilikuwa likisimama saa 60 hivi kwa mfululizo, na katika saa hizo kulikuwa na kitu kinachokunywa.

Tueleze kidogo maumbile ya betri, maana mazoea ya darasani hayatutoki. Betri hii ya risasi, ambayo asili yake ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, haihifadhi umeme kama pipa lihifadhivyo maji. Ndani yake mna vyumba sita, na kila kimoja kina mabamba ya risasi yaliyozama katika asidi. Kila chumba hutoa volti 2.1 hivi, na betri iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa, huonyesha 12.6. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Ikishuka hadi 12.0 hali yake ni mbaya. Inapotoa umeme, asidi hushikana na risasi, ikafanya unga mweupe juu ya mabamba. Inapochajiwa, unga huo hurudi kuwa asidi. Ikiachwa tupu siku nyingi, au ikimalizwa mara kwa mara, unga hugeuka kuwa fuwele ngumu ambazo hazirudi tena. Ndiyo maana betri mpya ya dada yetu ilikufa kifo cha kweli kabla ya wakati wake, na ya tatu ingefuata njia hiyo hiyo.

Kila gari la siku hizi hunywa kidogo likiwa limezimwa, kwa sababu ya saa, kengele ya wezi na kompyuta zake. Katika magari mengi kiasi hicho hakipiti ampia 0.05. Kwa betri ya ampia 60 kwa saa, hiyo ni ampia 1.2 kwa saa kila siku, nayo itachukua siku 50 kwisha kabisa, ingawa gari litakataa kuwaka mapema zaidi. Kwa hiyo gari linalokufa kwa siku mbili au tatu, na betri yake ni nzima, lina mnywaji mwingine.

Tulikwenda kwake Jumapili na mita ya umeme ya bei ndogo. Kwanza tulifungua boneti, tukabana kikufuli cha mlango wa dereva kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, tukaweka ufunguo mbali. Kisha tukaufungua waya wa hasi wa betri, tukaiweka mita kati ya waya huo na kichwa cha betri, kwenye tundu la ampia 10. Hapo asithubutu mtu kuwasha injini, kwani stata huvuta ampia mia na zaidi, na mita itaungua. Wala asiwepo mvuta sigara karibu, kwa kuwa betri hutoa hewa inayoripuka. Tukangoja zaidi ya nusu saa, maana kompyuta za gari hazilali mara moja. Wengi hukosa subira hapa, wakaona namba kubwa mwanzoni na kumtuhumu asiye na kosa.

Mita ilitulia kwenye 0.8. Zidisha kwa saa 60: ni ampia 48 kwa saa, katika betri ya 60. Jumatatu ikajieleza yenyewe.

Kawaida baada ya hapo huchomolewa fyuzi moja moja, na ile ambayo namba huanguka inapotoka ndiyo inayoonyesha njia ya mwizi. Tulizichomoa zote, na namba ilishuka kidogo mno. Watoto walikwisha kuchoka kutazama na kurudi ndani. Ndipo tulipoona waya mwekundu mnene uliotoka kwenye kichwa cha betri chenyewe, ukapita ukutani mwa injini na kuzama chini ya zulia. Tuliufuata hadi chini ya kiti cha abiria. Palikuwa na kikuza sauti cha muziki, kina joto kama birika lililopoa nusu. Mwenye gari wa kwanza alikitia, akaiuza gari bila kukitaja. Waya mdogo unaokiamrisha kuwaka na kuzima, ambao ungefuata redio, aliuunganisha na ule mwekundu, basi hakikuzimika usiku wala mchana. Tulipoutoa, mita ilisoma 0.03.

Wanywaji wengine ni wa kawaida zaidi. Taa ya buti ya wati 5 isiyozimika hunywa kama ampia 10 kwa saa kila siku. Weka simu ndani ikirekodi video, ufunge, kisha utazame kama giza limeingia. Kamera za kioo cha mbele zilizofungwa moja kwa moja ni balaa jipya. Baadhi ya magari ya funguo zisizochomekwa hayalali vyema ufunguo ukining'inizwa karibu nayo. Alteneta nayo, diodi yake ikifa, huweza kuurudisha umeme kinyumenyume. Hilo mwachieni fundi umeme wa magari. Na kuna asiyeibiwa kabisa: huendesha dakika tano kwenda shule na kurudi, taa na kipasha joto vikiwaka, wala hairudishi ile chaji aliyoitumia kuwasha.

Ndugu zetu wa Maskati na Dubai hawana baridi, lakini joto la huko huila betri haraka zaidi, na yenye miaka mitatu huko ni mzee.

Wenye kusafiri kwenda Unguja au Mombasa kwa wiki sita wakati wa likizo, fungueni waya wa hasi kabla ya kuondoka, na mkirudi uwe wa mwisho kurudishwa. Jueni kwamba kengele ya wezi haitalia muda huo, na buti linalofunguka kwa umeme halitafunguka. Redio nyingi za zamani zitadai namba yake ya siri. Iandikeni kabla, muiweke nyumbani, si ndani ya gari.