TELA NI LA MIWA, SI LA WATU



Katika nchi za miwa kama Busoga, Uganda, si ajabu alfajiri kuona trekta likivuta tela lililojaa watu. Wamesimama na mapanga mikononi, hawana kiti wala cha kushika. Jioni wengine hurudi wameketi juu ya mzigo wa miwa. Tela likiingia shimoni, au pini ya kuungia ikichomoka, watu huanguka chini ya magurudumu, na mapanga yao wenyewe huwakata.

Wasimamizi husema, "Mmepewa usafiri wa bure, shukuruni." Sisi twasema huo si msaada. Mwajiri ndiye anayetaka watu shambani mapema, basi safari hiyo ni sehemu ya kazi yake. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2001, unasema wazi kwamba mitambo ya kilimo isibebe watu, ila iwe imeundwa au kurekebishwa kwa kazi hiyo.

Jambo la pili ni fidia. Kibarua akivunjika mguu njiani huambiwa, "Ulikuwa hujaanza kazi." Si kweli. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inahesabu ajali iliyompata mtu akienda kazini moja kwa moja, au akirudi, kuwa ajali ya kazini. Akifa, wale waliokuwa wakimtegemea kabisa wanastahili mshahara wake wa miezi 60.

Lakini sheria haitembei yenyewe. Taarifa ya ajali lazima imfikie mwajiri ndani ya mwezi mmoja, na ni juu ya mfanyakazi kuthibitisha kwamba safari ilikuwa ya moja kwa moja. Kwa hiyo siku ile ile andikeni saa, mahali, namba ya trekta na majina ya walioona. Aliyelazwa hospitali aandikiwe na wenzake. Nakala moja ipelekwe kwa afisa wa kazi, nyingine tawini. Wenzetu wa nchi nyingine waulize matawi yao sheria ya kwao inasemaje.

Dawa yenyewe ni gari lenye viti na kingo. Kampuni yenye fedha za kununua trekta la kuvuta miwa haikosi za kununua gari la kubeba watu. Tudai hivyo kwa pamoja. Mmoja akikataa kupanda tela hufukuzwa. Wote tukikataa, miwa haitajikata.