Mji Haujulikani kwa Mawe Tu

Wako watu wasemao kwamba mji mdogo hutazamwa kwa saa moja, ukaisha. Husema vile vile kwamba msafiri mwenye akili huenda kutazama majengo na makaburi ya wakubwa, na kwamba habari za chakula ni habari za walafi. Maneno haya husemwa kwa sauti kubwa, hata na watu waliosoma, na kwa hiyo vijana wengi huyasadiki. Mimi nayakanusha. Nataka kukuonyesha, msomaji, kwamba atazamaye mawe ya mji asionje chungu chake hurudi kwao na nusu ya habari. Na nusu hiyo aghalabu ni ile iliyoachwa na wenye nguvu.

Hoja haisimami kwa maneno matupu. Na tuchukue mji mmoja tuupime. Évora ni mji wa nchi ya Ureno, katika jimbo la Alentejo, mwendo wa kilomita 130 hivi mashariki ya Lisbon. Wakazi wake, pamoja na wa vijiji vilivyo chini yake, wapata 53,000 tu. Sehemu yake ya kale imezungukwa na kuta, na mtu aweza kuivuka kwa miguu bila ya kuchoka. Mwaka 1986 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Tuseme umepewa siku moja humo, toka asubuhi mpaka jioni. Utaitumiaje?

Mpenda mawe atakupeleka kwanza kwenye hekalu la Warumi, lililojengwa katika karne ya kwanza. Nguzo zake 14 zingali zimesimama. Atapiga picha, atasifu, kisha ataondoka. Mzuie kidogo umwulize: Mahekalu mangapi ya Warumi yamebomolewa, mawe yake yakajengewa nyumba na mazizi? Hili lilisalimikaje? Sababu kubwa ni nyama! Katika zama za kati nafasi zilizo kati ya nguzo zilizibwa kwa kuta, na jengo likawa bucha la mji. Liliendelea na kazi hiyo hata mwaka 1836. Jengo lenye kazi halivunjwi ovyo. Basi yeye anayedai kwamba utukufu na kitoweo havikai pamoja amesimama mbele ya ushahidi unaomkanusha, wala hauoni.

Toka hapo uende kwenye mfereji wa maji upitao juu ya matao marefu, uliojengwa baina ya mwaka 1531 na 1537 kwa amri ya Mfalme João wa Tatu. Ndani ya matao hayo watu wamejenga nyumba na maduka, nao wanakaa humo. Pita pia katika Chuo Kikuu, kilichoanzishwa mwaka 1559, kikafungwa mwaka 1759, kikafufuliwa katika miaka ya 1970. Kuta za madarasa yake zimepambwa vigae vyenye picha za masomo yaliyofundishwa humo. Haya yote ni mazuri, na sisemi uyapite ukiwa umefumba macho. Nasema tu kwamba ifikapo saa sita mchana usiridhike ukadhani umekwisha kuujua mji.

Saa sita ndiyo saa ya somo kubwa. Agiza chakula kiitwacho açorda. Usitazamie makuu. Ni kitunguu saumu, chumvi na majani ya giligilani, vilivyopondwa pamoja kinuni. Juu yake hutiwa mafuta ya zeituni na maji ya moto. Kisha humegewa mkate uliolala, na yai likawekwa juu. Wenye nafasi huongeza kipande cha bacalhau, yaani samaki wa bahari za baridi aliyekaushwa kwa chumvi, kama ng'onda wetu. Ndicho chakula chenyewe. Mpenda mawe atacheka: "Maji na mkate mkavu! Hiki nacho ni utamaduni?"

Naam, ndicho hasa, na ukijua kukisoma kitakueleza mambo ambayo hekalu haliwezi kuyaeleza. Jina la açorda asili yake ni Kiarabu; nalo azeite, neno la Kireno la mafuta ya zeituni, limetoka katika Kiarabu, kama lilivyotoka neno letu zeituni. Kwa nini? Kwa sababu Waislamu walitawala mji huu kwa karne nyingi, mpaka uliponyakuliwa mwaka 1165. Watawala waliondolewa na misikiti ikageuzwa, lakini chungu hakikutii amri ya mfalme. Tena, kwa nini mkate uliolala? Kwa sababu Alentejo ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya mabwana wachache. Waliovuna ngano walikuwa vibarua wasio na ardhi, na kwa mtu wa namna hiyo kutupa kipande cha mkate ni sawa na kutupa jasho lake. Ukali wa maisha hayo ndio uliowafanya vibarua, baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Aprili 1974, kuyaingia mashamba ya mabwana na kuyashika. Hayo yote yamo ndani ya bakuli moja. Na leo bakuli hilo laandaliwa wageni mezani bila ya haya.

Jioni uonje na vitamu. Évora ina sifa ya vitamu vya viini vya mayai, lozi na sukari, vilivyobuniwa na watawa wa kike. Ni vitamu kweli. Lakini uliza sukari ilitoka wapi. Ilitoka Madeira, na São Tomé, na Brazili, ambako ililimwa na watumwa, na wengi wao walinyakuliwa Afrika. Mwalimu mmoja wa Flanders, Nicolaus Clenardus, aliyefika Évora katika miaka ya 1530, aliandika katika barua zake jinsi mji ulivyojaa watumwa. Haya, ni jiwe gani la mji litakalokutamkia jambo hilo? Kanisa linang'aa dhahabu na kunyamaza. Kitamu kinakuuliza: Unajua gharama yangu? Kwa hiyo asidhani mtu kwamba naisifu sahani kwa sababu inapendeza. Naisifu kwa sababu inashuhudia, na shahidi wa kweli husema mema na maovu pamoja.

Hapa atainuka mwingine aseme: "Wareno walitutesa. Mwaka 1505 waliipora Kilwa na kuiteketeza Mombasa. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, wakaikalia hata walipotolewa mwaka 1698. Chungu chao chatuhusu nini?" Aliyosema ni kweli, wala sitaki yasahauliwe. Lakini anayeyasema ameegemeza mkono wake juu ya meza, na neno meza ni la Kireno. Ndivyo yalivyo na maneno bendera, leso na mvinyo. Mahindi anayosonga kwa ugali na muhogo anaochemsha ni mazao ya Amerika, na merikebu za Wareno zilikuwa na sehemu kubwa katika kuyaleta Afrika. Hawezi kuitenga historia yao na sahani yake mwenyewe. Kumjua aliyekudhulumu si kumsamehe wala kumsujudia. Ni kuacha kumwogopa kama jini, na kuacha kumtukuza kama malaika. Maana utakuta kwamba huko kwao pia alikuwako kibarua aliyelala na njaa.

Wala neno langu halikukusudiwa wasafiri peke yao. Huenda wewe usifike Évora katika maisha yako. Lakini ugonjwa ninaoupiga vita upo hapa kwetu. Yupo mwanafunzi anayeona haya kusema kwamba alikula githeri, au muhogo, au mchicha. Anayedhani kwamba utamaduni ni kitu cha jumba la makumbusho, na kwamba chakula cha nyanya yake ni alama ya ushamba. Mwanafunzi huyo akipelekwa Ulaya atatazama nguzo tu, na akirudi hatakuwa na la kusema ila urefu wa nguzo. Asiyejua kukisoma chungu cha kwao hawezi kukisoma cha wengine. Mwacha asili ni mtumwa.

Basi anza na siku moja katika mji ulio karibu nawe, uwe Lamu, au Machakos, au Kisumu. Tazama majengo yake, kisha uketi ule wanachokula watu wake wa kawaida, na uulize: Hiki kinaitwaje, na neno hili lilitoka kwa nani? Nani alikilima, na alilipwa nini? Nani hana uwezo wa kukila? Maswali hayo ni elimu kamili, na ada yake ni bei ya sahani moja. Watakaokucheka waache wacheke. Watakuwa wameona mawe, nawe utakuwa umewajua watu.