Polisi wa Hospitali na Mipaka ya Mamlaka Yao

Polisi wa hospitali ni askari kamili. Amepita mafunzo ya polisi, amekula kiapo, anabeba bastola na ana uwezo wa kisheria wa kumkamata mtu, ila mshahara wake hulipwa na hospitali na amri huzipokea kwa uongozi wa hospitali. Kwa hilo anatofautiana na watu wawili wanaoonekana kila siku kwenye milango ya hospitali za Marekani. Mmoja ni mlinzi wa kawaida, ambaye uwezo wake hauzidi sana ule wa raia yeyote: atamzuia mtu, atamwomba aondoke, na akishindwa atapiga simu polisi. Mwingine ni polisi wa mji anayefanya kazi ya ziada nje ya zamu yake kwa malipo ya hospitali. Huyo bado ni mtu wa kituo chake. Majimbo kadhaa yameziruhusu hospitali kuajiri askari wao wenyewe kwa miaka mingi. Georgia ilijiunga nayo mwaka 2023 kwa sheria iliyotoa ruhusa hiyo na papo hapo ikaongeza adhabu kwa anayemshambulia mfanyakazi wa hospitali.

Hospitali haziombi mamlaka haya kwa kupenda makuu. Kwa takwimu za serikali ya Marekani, mwaka 2018 wafanyakazi wa afya na ustawi walikuwa asilimia 73 ya wafanyakazi wote walioumizwa na ukatili kazini hadi wakalazimika kukosa kazi. Vipigo vya namna hii mara nyingi havifiki magazetini. Muuguzi anang'atwa mkono akibadilisha dripu, msaidizi wake anakabwa shingo akimgeuza mgonjwa kitandani, karani wa mapokezi anatupiwa kiti na ndugu aliyechoka kusubiri. Wengi wanaovumilia haya ni wanawake, na miongoni mwao wamo Wakenya, Watanzania na Wakongo waliohamia huko na kupata riziki katika hospitali na nyumba za kutunzia wazee. Dhana kwamba kupigwa ni sehemu ya kazi ya uuguzi ni dhana mbovu, na kila anayeirudia anawaumiza watu hao mara ya pili.

Juu ya ukatili huo wa kila siku yapo mauaji. Tarehe 1 Juni 2022, huko Tulsa, Oklahoma, mgonjwa aliyelalamikia maumivu baada ya kupasuliwa mgongo alinunua bunduki na siku hiyo hiyo akaingia nayo katika jengo la hospitali, akamuua daktari aliyempasua pamoja na watu wengine watatu. Polisi wa mji walifika ndani ya dakika chache, lakini dakika hizo zilitosha. Oktoba ya mwaka huo huo, huko Dallas, Texas, mtu aliyetoka gerezani kwa masharti, akiwa bado na kifaa cha kumfuatilia mguuni, aliwaua wafanyakazi wawili katika wodi ya wazazi. Askari wa kikosi cha hospitali yenyewe ndiye aliyempiga risasi na kumzuia. Novemba 2023, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Concord, New Hampshire, mlinzi asiye na silaha aliuawa pale mapokezi, na muuaji akadhibitiwa na askari wa jimbo aliyekuwa zamu hospitalini. Matukio haya mawili ya mwisho ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa wanaotaka polisi wa hospitali: askari aliye ndani ya jengo, anayejua ngazi ipi inatokea wapi na mlango upi hufungwa usiku, huokoa maisha ambayo askari wa mbali hawezi kuyawahi.

Kwa hiyo ombi la hospitali ni la haki na lastahili kukubaliwa. Lakini uwezo wa kukamata na kupiga risasi ni mali ya umma. Hospitali inayoupokea haiwezi kuutumia kama inavyotumia vitanda na magari yake, na sheria inayoutoa bila masharti inawatendea vibaya wagonjwa ambao hospitali ilijengwa kwa ajili yao.

Sharti la kwanza linahusu silaha. Watafiti wa Johns Hopkins walichunguza matukio ya risasi katika hospitali za Marekani kati ya mwaka 2000 na 2011, wakapata matukio 154. Katika yale yaliyotokea idara ya dharura, karibu robo yalifanywa kwa silaha iliyonyang'anywa kwa askari au mlinzi. Asiyefikiri juu ya jambo hilo kabla ya kununua bastola anajiandalia msiba. Upo pia upande mwingine. Agosti 2015, katika hospitali moja ya Houston, kijana wa miaka 26 aliyechanganyikiwa kwa ugonjwa wa akili alikuwa wodini, uchi, bila silaha yoyote. Wauguzi waliomba msaada. Waliofika ni polisi wawili wa mji waliokuwa wakifanya kazi ya ziada ya ulinzi pale. Walimpiga shoti ya umeme, kisha mmoja akampiga risasi kifuani. Kijana alipona, lakini alikuwa amekwenda hospitali kutafuta tiba.

Serikali kuu ya Marekani, kupitia idara inayosimamia bima za Medicare na Medicaid, imekwisha kusema kwamba bastola, pingu, kirungu na bunduki ya umeme si vyombo vya tiba, na kwamba kumdhibiti mgonjwa kwa vitu hivyo si huduma salama ya afya. Vinaruhusiwa tu pale askari anapotekeleza sheria dhidi ya mhalifu. Hapo ndipo hatari ya kikosi cha ndani ilipojificha. Mlinzi hawezi kumfunga mgonjwa pingu ili atulie. Askari wa hospitali anaweza kufanya tendo lile lile, kisha akaliandika kuwa ni ukamataji. Hapana budi sheria ya jimbo itamke wazi kwamba mgonjwa anayepiga kelele au kurusha mikono kwa sababu ya homa, dawa, usahaulifu wa uzee au ugonjwa wa akili ni wa daktari na muuguzi kwanza, na askari asimame nje ya pazia mpaka aitwe. Tafiti kadhaa za hospitali za Marekani zimeonyesha kwamba wagonjwa Weusi huitiwa walinzi mara nyingi kuliko Weupe. Askari mwenye bastola akiwekwa juu ya tabia hiyo bila kwanza kuirekebisha, madhara yake yatawaangukia wale wale.

Sharti la pili linahusu siri ya mgonjwa. Mwaka 1989 hospitali moja ya umma ya Charleston, South Carolina, ilianza kupima mkojo wa wajawazito ili kutafuta kokeni na kuwapa polisi majibu; baadhi ya akina mama walikamatwa, karibu wote wakiwa Weusi. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba vipimo hivyo, bila hati ya mahakama na bila ridhaa ya mgonjwa, vilikiuka katiba. Wasomaji wa Tanzania wanaoijua fomu ya polisi ya PF3 wanaelewa vizuri jinsi karatasi ya polisi inavyoweza kumfanya majeruhi asite kwenda kutibiwa. Huko Marekani hofu hiyo itaongezeka ikiwa polisi ni mfanyakazi wa hospitali, kompyuta yenye faili la mgonjwa iko meza ya pili, na hakuna anayemwuliza kitambulisho. Askari wa hospitali lazima awe mgeni mbele ya faili la mgonjwa sawa na askari wa nje, na akitaka kuliona alete hati ya mahakama kama wengine.

Kisa cha Salt Lake City cha Julai 2017 kinafundisha zaidi ya kanuni nyingi. Mpelelezi wa polisi wa mji alitaka damu ya mgonjwa aliyekuwa hajitambui baada ya ajali ya barabarani. Muuguzi wa zamu alimwonyesha karatasi ya masharti matatu waliyokubaliana polisi na hospitali: mgonjwa aridhie, au iwepo hati ya mahakama, au mgonjwa awe chini ya ulinzi. Hakukuwa na hata moja. Msimamizi wake alikuwa kwenye simu, akimthibitishia mpelelezi kwamba muuguzi yuko sahihi. Mpelelezi alimshika muuguzi, akamkokota nje huku muuguzi akipiga kelele, na akamfunga pingu. Polisi wa chuo kikuu kinachomiliki hospitali walikuwepo pale pale, wasimzuie. Baadaye mji na chuo vililipa dola 500,000. Kikosi cha ndani kinachoshindwa kumlinda muuguzi anayetii sheria dhidi ya askari mwenzao hakina faida inayostahili mshahara. Wajibu huo uandikwe katika kiapo chao, na wafukuzwe kazi wanaoukwepa.

Kisha lipo suala la nani anawahoji. Polisi wa mji humwogopa meya, diwani, gazeti na mpiga kura; kikosi cha taasisi binafsi kinaweza kukosa hofu hiyo. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Indiana iliamua kwamba polisi wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, ingawa wana mamlaka ya kukamata, hawakuwa chombo cha umma chini ya sheria ya kumbukumbu za wazi iliyotumika wakati huo, kwa hiyo hawakulazimika kuzitoa. Mantiki hiyo ikiachiwa hospitali, familia ya aliyejeruhiwa itaambiwa kwamba ripoti ni mali ya kampuni. Maryland ilipokiruhusu Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 2019 kuwa na kikosi, kikihusisha pia eneo la hospitali yake mashariki mwa Baltimore, iliweka bodi ya uwajibikaji, kamera za kifuani na mipaka ya eneo. Wanafunzi waliopinga walikalia jengo la utawala kwa zaidi ya mwezi. Mtu anaweza kutokubaliana nao, lakini bila shinikizo la namna hiyo masharti mema hayaandikwi.

Kamera hizo zina thamani inayoonekana. Februari 2023, huko Knoxville, Tennessee, mwanamke wa miaka 60 aliyeruhusiwa kutoka hospitali alikataa kuondoka akisema bado ni mgonjwa. Walinzi waliita polisi wa mji. Kamera zilirekodi akiomba msaada na kusema hawezi kupumua, huku askari wakidhani anaigiza. Alizimia ndani ya gari la polisi, akafa kesho yake. Uchunguzi ulitaja kiharusi. Haifai kabisa askari kutumwa kumwondoa mtu kitandani au mlangoni kabla daktari hajamwangalia upya na kutia saini. Tangu mwaka 1986 sheria ya Marekani inaitaka idara ya dharura impime kila anayekuja, awe na fedha au asiwe nazo, na polisi wa ndani wasigeuzwe njia ya kuikwepa.

Hospitali ndogo za mashambani hazitafaidika sana na ruhusa hii. Saa za wiki ni 168, na askari mmoja hufanya takriban 40. Kuwa na mmoja tu zamu usiku na mchana kunadai waajiriwa wanne hadi watano, pamoja na bima, mafunzo na msimamizi. Kwa hospitali yenye vitanda ishirini, fedha hizo ni bora ziajiri wauguzi zaidi, maana msongamano na kusubiri saa nyingi huchochea ugomvi mwingi wa mapokezi. Hospitali kama hiyo iingie mkataba na sherifu wa wilaya yake, na masharti ya silaha, siri na kumbukumbu yaandikwe ndani ya mkataba huo, nakala yake ibandikwe mahali ambapo mgonjwa na jamaa zake wanaweza kuisoma.