Hesabu ya Lori na Bei ya Gunia

Kila bei ya chakula inapopanda, wananchi huambiwa kwamba uchukuzi umekuwa ghali. Jibu hilo limetolewa mara nyingi hata limegeuka pazia. Sisi twasema kwamba uchukuzi ni hesabu, na hesabu hufunguliwa ikakaguliwa.

Tulichukue lori moja la trela, lenye tani 28 za mchele, kutoka bandari ya Mombasa hadi Nairobi, mwendo wa kilomita 480 hivi. Ziko gharama ambazo mwenye lori hulipa gari liende au lilale: mkopo, uchakavu, bima, leseni, mshahara wa dereva na wa utingo. Tuzikadirie, kwa mfano tu, kuwa shilingi 320,000 kwa mwezi. Kisha ziko zile zinazofuata magurudumu. Lori likitumia lita moja kwa kilomita 2 likiwa na shehena, na lita moja kwa kilomita 3 likirudi tupu, safari nzima humaliza lita 400. Kwa shilingi 170 kila lita, hizo ni 68,000. Tuongeze 20,000 za matairi na matengenezo.

Msomaji asilipite neno hilo “tupu”. Shehena inayoingia kupitia Mombasa huizidi kwa mbali ile inayotoka, na malori mengi hurejea pwani bila kitu. Mwenye mchele basi hulipia safari mbili, na anayekadiria nauli kwa kilomita 480 peke yake amejidanganya kabla hajaanza.

Lori hilo likifanya safari 8 kwa mwezi, kila safari itagharimu shilingi 128,000, yaani karibu 4,570 kwa tani. Likicheleweshwa bandarini, kwenye mizani na vizuizini hata likafanya safari 4 tu, kila safari itagharimu 168,000, yaani 6,000 kwa tani. Dizeli haikupanda hata senti moja. Barabara ni ile ile. Kilichoongezeka ni kungoja, na kungoja huko kumeongeza takriban shilingi 71 juu ya kila gunia la kilo 50. Hapo hatujataja kitu kidogo. Hongo haina risiti. Huandikwa “matumizi ya njiani”, kisha hupelekwa kimya kimya kwa mama anayenunua kibaba dukani.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kupakia zaidi. Nani atalipa? Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na tani 56 kwa gari zima. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara haupandi sawasawa na uzito: ekseli ikibebeshwa uzito maradufu, barabara huumia karibu mara 16. Ukitia tani 12 mahali pa 10, uharibifu tayari umepita mara mbili. Anayefumba macho penye mizani kwa ajili ya noti chache amemkabidhi mwenye shehena faida ya tani 2, akatuachia sisi sote mashimo.

Na mashimo hayo tumekwisha kuyalipia. Ushuru wa kutunza barabara ulianzishwa kwa sheria ya 1993, nao ulipandishwa Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Katika safari yetu ya lita 400, shilingi 10,000 ni za ushuru huo. Mwaka wa 2025 serikali ilitenga shilingi 7 za kila lita ziwe dhamana ya kupata bilioni 175 za kuwalipa wanakandarasi madeni ya nyuma. Kwa kiwango hicho, shilingi 2,800 za safari moja zinafuata madeni, wala si shimo la kesho.

Mwaka wa 2019 tuliona hatari ya hesabu iliyofichwa. Serikali iliamuru shehena za kwenda bara zipande reli ya kisasa, na watu wa Mombasa wakaingia barabarani kupinga. Nauli ya treni ilitangazwa. Lakini kontena likifika Embakasi bado lahitaji lori la kulifikisha bohari, na likiwa tupu lahitaji kurudishwa. Agizo hilo lilisimamishwa mwaka huo huo, likafutwa Septemba 2022. Hatupingi reli. Tulichokataa ni kulinganisha nusu safari ya njia moja na safari nzima ya njia nyingine, kisha kuwaamuru watu kwa matokeo yake.

Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 kinataka uwazi katika fedha za umma. Tunawaomba wanaharakati na washirika wa makanisa wakae vikundini, wapige hesabu ya lori linaloleta bidhaa sokoni kwao, kisha waulize kwa maandishi: malori hungoja saa ngapi bandarini na kwenye kila mizani, mangapi yalipatikana yamezidisha uzito, na ushuru wa kila lita ulitumika barabara gani? Barua iende kwa mbunge wa eneo, ipigwe muhuri wa kupokewa, nanyi mbaki na nakala.