Kiyoyozi Hakijafa, Kimedanganywa na Sensa

Leo nina neno na watengenezaji wa viyoyozi, na pia na baadhi ya mafundi wetu. Watu wa Nairobi mnaweza kuendelea na chai yenu, baridi ya bure mnayo. Lakini kama unaishi Mombasa, Malindi, Garissa au Lodwar, hili linagusa mfuko wako.

Neno lenyewe ni hili: ile namba ya hitilafu inayomulika kwenye kiyoyozi chako si jibu. Ni maoni ya programu. Naandika programu kwa kula, kwa hiyo najua maoni hayo hutoka wapi. Hutoka kwa mtu kama mimi, aliyekaa ofisini mbali na jua lako, akaandika kwamba thamani fulani ikipita kiwango fulani basi onyesha namba fulani. Hakuona mashine yako. Hajui kama kuna chumvi ya bahari kwenye soketi au mjusi amelala juu ya bodi.

Tuangalie mambo yenyewe kidogo. Kiyoyozi cha inveta ni kompyuta mbili zinazoongea kwa waya, moja ndani na moja nje. Ile ya nje kwa kawaida ina sensa tatu za joto. Moja hupima hewa ya nje, ya pili imebanwa kwenye koili, na ya tatu iko kwenye bomba la moto linalotoka kwenye kompresa. Sensa hizi ni themista, yaani kitu kidogo ambacho ukinzani wake hupungua joto likipanda. Tabia hiyo si mpya. Michael Faraday aliiona mwaka 1833 alipokuwa akichunguza salfaidi ya fedha. Leo ni kati ya vipande vya bei ya chini kwenye mashine nzima.

Sensa ya hewa iliyo ya kawaida huwa na omu 10,000 kwenye nyuzijoto 25. Kuna za 5,000, 15,000 na 20,000 pia, inategemea kampuni. Kwa aina moja inayotumika sana ya hiyo ya 10,000, kwenye nyuzijoto 0 utapata kama omu 33,600, kwenye 30 kama 8,000, na kwenye 50 kama 3,600. Bodi haipimi joto moja kwa moja. Inapeleka volti 5 kupitia resista yake na sensa, kisha inasoma volti zilizopo katikati. Resista ikiwa 10,000 na sensa ikiwa 10,000, katikati utakuta volti 2.5, na programu inasema, "aha, nyuzijoto 25".

Sasa waya ukikatika, volti zinapanda hadi 5. Waya zikigusana, zinashuka hadi 0. Hali hizo mbili ndizo ambazo programu nyingi hukagua, kwa sababu ndizo rahisi kukagua. Mistari miwili ya programu, kazi imekwisha, twende chakula cha mchana.

Shida ni uwongo wa katikati. Soketi ikiota kutu ya kijani, ile ya shaba na chumvi, ukinzani wa kutu unajumlishwa na wa sensa. Tuseme jumla imefika omu 25,000. Bodi inasoma kama nyuzijoto 6. Mombasa! Nyuzijoto 6! Lakini programu hailalamiki, kwa sababu mashine hiyo hiyo inauzwa Beijing na Seoul, ambako 6 ni siku ya kawaida. Basi inaamini. Inapunguza mwendo wa feni ya nje, inabana kompresa, au inakataa kabisa kupoza maana inaona nje kuna baridi. Wewe umekaa ndani unatoka jasho, na kwenye kioo hakuna namba yoyote. Siku kutu ikizidi hadi waya ukaachana kwa sekunde chache, namba inatokea, kisha inapotea. Hapo ndipo fundi huitwa.

Shangazi yangu ana duka dogo la dawa Mombasa. Februari, joto lenyewe mnalijua. Zile za frijini hazikuwa na tatizo, lakini rafu nzima ilikuwa na dawa zilizoandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzijoto 30, na nyingine chini ya 25. Kiyoyozi kikawa kinafanya kazi dakika chache na kuzima. Fundi akaja, akasoma namba, akasema, "Mama, bodi ya nje imekufa." Bei ya bodi Sh28,000, kazi mbali. Shangazi akanipigia simu: "Mwanangu, wewe si umesomea kompyuta? Hii nayo wanasema ni kompyuta." Hapo hakukosea.

Nilifika asubuhi na mapema, kwa makusudi. Mashine ikiwa imezimwa usiku kucha na jua halijaipiga, sensa ya hewa na sensa ya koili zote ziko kwenye joto moja. Zikiwa za aina moja, lazima zisome karibu sawa. Tena alfajiri ya Mombasa haiko mbali na nyuzijoto 25, ambako ndiko thamani ya sensa huandikwa. Yaani Mungu ametupa maabara ya bure, hatuitumii.

Tukazima umeme kwenye swichi kuu, mimi na fundi wa umeme wa jirani, maana mimi ni mtu wa kibodi. Tukangoja dakika kumi na zaidi. Naomba usiruke hatua hii. Bodi ya nje hugeuza umeme wa volti 240 kuwa wa moja kwa moja unaopita volti 300, na kapasita huendelea kuushika hata baada ya kuzima. Tena kwenye bodi nyingi hata upande wa volti 5 haujatenganishwa na umeme wa nyumba, kwa hiyo usiguseguse waya za sensa mashine ikiwa imewashwa kwa kudhani ni volti 5 tu.

Mita ikasema hivi. Koili: omu 9,600. Hewa, tukipima kwenye ncha za soketi: 25,000, na tukiutikisa waya, inaruka hadi kutosoma kitu. Hapo tayari mshukiwa alikuwa amejitaja, lakini kuna kipimo kimoja cha mwisho ninachokipenda, kwa sababu ndicho kinachotenganisha sensa na bodi. Tukachomoa sensa, tukachomeka mahali pake resista ya omu 10,000, ile ya kahawia, nyeusi, machungwa, isiyofika hata bei ya mandazi. Tukafunga kifuniko, tukasogea, tukawasha. Bodi ikaamini nje kuna nyuzijoto 25 na mashine ikaenda bila kusita. Bodi "iliyokufa" hiyo! Kama ingeendelea kulalamika hata na resista, basi ningemwambia shangazi atoe hizo 28,000.

(Usiiache resista humo ukaona umetengeneza. Mashine itadhani ni nyuzijoto 25 mchana na usiku, mwaka mzima. Na kwenye sensa ya bomba la kompresa usijaribu mchezo huo hata kidogo. Ile ndiyo inayozuia kompresa isijichome.)

Sensa mpya na soketi yake viligharimu Sh600.

Najua mafundi watasema mimi naongea kwa urahisi kwa vile silipwi kwa kazi, na kweli wanalo la kusema. Fundi amepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, ana wateja wengine wanne wanampigia, na kampuni haijampa jedwali la ukinzani. Akibadilisha bodi, mara nyingi mashine inapona. Lakini fikiria kwa nini inapona. Ili aifunge bodi mpya lazima achomoe soketi zote na kuzichomeka upya, na kuchomeka huko kunakwangua kutu. Wakati mwingine bodi mpya huja na sensa zake. Mashine inawaka, kila mtu anasema ilikuwa bodi, na fundi anaenda kwa mteja anayefuata akiwa na uhakika zaidi wa jambo ambalo halikuwa kweli. Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa huo huo, tunauita kuzima na kuwasha.

Lakini lawama kubwa naipeleka kwa watengenezaji. Tazama magari. Marekani iliamua kwamba kila gari dogo jipya kuanzia modeli za 1996 liwe na soketi ya kawaida ya uchunguzi, na leo fundi wa Nairobi anachomeka kifaa cha bei nafuu na kuona kwenye simu joto la maji ya injini, namba yenyewe, ikibadilika mbele ya macho yake. Si kuambiwa "hitilafu" tu. Anaona 40 wakati injini inachemka, anajua papo hapo sensa inadanganya. Kiyoyozi kina kioo, kina rimoti, na vingine vina hadi Wi-Fi ya kukuwezesha kukiwasha ukiwa kwenye matatu. Kwa nini kisionyeshe namba tatu za joto zilizomo tayari ndani ya kompyuta yake? Baadhi zinaonyesha, ila kwa kubonyeza vitufe kwa mpangilio wa siri ambao mnunuzi haambiwi.

Na programu yenyewe ingeweza kujikagua. Mashine imelala saa nane, sensa ya hewa inasema 6 na ya koili inasema 26. Mistari mingapi ya programu inahitajika kugundua kwamba mmoja wao ni mwongo? Ningeiandika kabla chai haijapoa.

Hata wakikataa yote hayo, ndani ya kile kifuniko cha mashine ya shangazi kuna karatasi iliyobandikwa, yenye onyo la umeme kwa lugha nne. Chini yake pana nafasi nyeupe upana wa kiganja. Jedwali la mistari sita, joto upande huu na omu upande ule, lingeenea pale bila taabu.