Mgeni Aliyerejea: Anwani, Sheria na Lugha Mitaani Nairobi

Katika taaluma yetu neno mgeni limezoea kusomwa kwa upande mmoja. Mwanafunzi wa fasihi simulizi humkuta mgeni katika methali, akikaribishwa ili mwenyeji apone, au akipewa jembe siku ya tatu. Ni nadra kumtazama mgeni huyo akiwa mpangaji: mtu aliyelipia chumba Kawangware au Kibera, akasafiri hadi Goma au Kampala kumzika jamaa yake, kisha akarejea na kutakiwa aeleze upya anakoishi. Nionavyo mimi, suala la mpangaji huyu ni la lugha sawasawa na lilivyo la sheria, na sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeliachia wanasheria peke yao bila sababu.

Kuanzia 1973 Kenya ilikuwa na sheria ya kuwadhibiti wageni, iliyofuata mkondo wa sheria ya Uingereza ya 1914. Hiyo ya Uingereza ilipitishwa kwa siku moja tu, tarehe 5 Agosti, siku iliyofuata baada ya nchi hiyo kuingia vitani. Tulirithi, kwa hivyo, hofu ya vita vya watu wengine. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliifuta ile ya 1973, lakini wajibu wa kujiandikisha haukufutika: raia wa kigeni aliye nchini kwa zaidi ya miezi mitatu mfululizo sharti aandikishwe.

Neno hilo, mfululizo, ndilo lililobeba mzigo. Mpangaji akivuka mpaka wa Busia kwa siku nne akarudi, je, hesabu yake inaanza upya au inaendelea? Msomi wa semantiki anaweza kuandika tasnifu nzima hapo. Mpangaji hana muda wa tasnifu. Yeye anategemea jinsi afisa aliye mbele yake anavyolisoma neno la Kiingereza siku hiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, sheria hii iliandikwa kwa Kiingereza, na mtu anayepaswa kuitii aghalabu ametoka mashariki ya Kongo, Burundi au Tanzania, akiwa na Kiswahili chake kamili mdomoni. Mkongo wa Lubumbashi husema anaikala, Mnairobi husema anakaa, mwalimu wetu wa sarufi husisitiza kuwa mtu huishi. Wote watatu wanaelewana vizuri mpaka wanapopewa fomu.

Fomu inauliza anwani. Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kwa Wakenya walio wengi anwani ni sanduku la posta, nalo sanduku la posta halilali mtu. Kibera ina vijiji vyake: Gatwekera, Kianda, Lindi, Makina, Silanga, Laini Saba, Kisumu Ndogo. Ndani ya vijiji hivyo nyumba hutambuliwa kwa jina la mwenye ploti, kwa kanisa lililo karibu, kwa mfereji wa maji au kwa duka la mama fulani. Wenyeji hawapotei. Hata hivyo, hadi vijana wa Map Kibera walipoanza kuuchora mtaa wao mwaka 2009, ramani nyingi ziliuacha kama pengo tupu. Kule Kawangware, nako, kuna eneo liitwalo Congo. Hebu msomaji afikirie Mkongo akimweleza afisa, kwa ukweli mtupu, kwamba ametoka Kongo na sasa anakaa Congo!

Ithibati ya makazi ni tatizo jingine. Vyumba vingi katika mitaa hii hukodishwa bila mkataba wa maandishi, na ushahidi wa kodi ni ujumbe wa M-Pesa uliomo simuni. Anayeweza kumshuhudia mpangaji ni keateka, na nyuma ya keateka yuko mwenye nyumba, na nyuma ya wote yuko chifu na barua yake. Kila mlango miongoni mwa hiyo unaweza kudai chai. Sheria haikutaja chai mahali popote, lakini sheria inayomtaka mtu athibitishe kisichoandikwa huwa imemwalika anayeuza maandishi.

Wapo watakaosema kwamba usalama hauna mjadala. Sipingi. Baada ya shambulio la Westgate, Septemba 2013, lililowaua watu 67, serikali ilihimiza mpango wa Nyumba Kumi, uliofanana na ule wa mabalozi wa nyumba kumi Tanzania. Zanzibar sheha hutarajiwa kuwajua wageni wa shehia yake. Uchina, wanakosomea wenzetu wengi, mgeni anayelala nje ya hoteli hutakiwa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24 baada ya kuwasili. Kuwajua wakazi ni kazi halali ya dola.

Lakini dola yetu ina historia yake na orodha. Kipande, kilichotokana na sheria ya 1915, kilimfanya Mwafrika abebe taarifa zake shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Wanubi wa Kibera, wanajeshi wa zamani na jamaa zao, waliishi hapo kwa vibali, na ilikuwa 2017 ndipo jamii hiyo ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Tena Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi wa mijini wahamie kambini. Mahakama Kuu ikaibatilisha amri hiyo tarehe 26 Julai 2013. Machi 2014 ikatolewa nyingine, na mwezi uliofuata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakakamatwa, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mtu aliyeyaona hayo akiulizwa anakoishi atajiuliza kwanza jibu lake litatumiwaje. Nani atamlaumu?

Kwa maoni yangu, basi, mgeni anayerejea aulizwe kwa Kiswahili, na jibu la kimtaa lipokelewe: kijiji, ploti, alama iliyo karibu, nambari ya simu. Ujumbe wa kodi ukubaliwe kuwa ithibati. Fomu yenyewe imweleze ni nani atakayezisoma taarifa zake na zitahifadhiwa kwa muda gani. Chama chetu kina wanafunzi wa tafsiri wanaotafuta matini za mazoezi kila muhula. Sheria ya 2011 ingewafaa, waanze na sehemu ya uandikishaji, na neno mfululizo walipe tanbihi ndefu.