Sauti za misitu ya Katavi zinasubiri wasomi wake

BARUA YA KATAVI
Na Kulwa Maganga

Mzazi mmoja wa Makanyagio aliniuliza wiki hii kama ni busara kumlipia binti yake ada ya shahada ya uzamili katika teknolojia ya maltimedia na uchakataji wa mawimbi. Binti amemaliza shahada ya kwanza Dodoma, matokeo yake ni mazuri, na anataka kuendelea. Hofu ya baba ni kwamba atarudi Mpanda kufungua studio ya picha za harusi, kazi ambayo vijana wengine wanaifanya bila hata cheti. Nilimwambia amlipie. Sababu zangu nazieleza hapa, kwa kuwa wazazi wenye swali hilo ni wengi.

Huko uzamili hawaendi kujifunza kukata video. Wanasoma hesabu iliyo nyuma ya kila sauti na kila picha inayopita kwenye simu zetu. Ukimpigia shangazi yako kwa simu ya kawaida, sauti yako hupimwa mara 8,000 kwa sekunde na kugeuzwa namba. Namba hizo hubanwa, husafirishwa, na upande wa pili hurudishwa kuwa sauti yako ile ile. Picha ya mtoto unayoituma kutoka Inyonga hubanwa kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Marekani, pamoja na wenzake wawili. Bila hesabu hiyo, picha moja ingekumalizia bando.

Mzee aliniuliza tena: sawa, lakini hayo yanaihusu nini Katavi?

Yanaihusu sana, na wenzetu wa mbali waliliona hilo mapema. Kaskazini-magharibi mwa Mpanda, upande wa Ziwa Tanganyika, kuna bonde linaloitwa Issa, ndani ya miombo ya nchi ya Watongwe. Humo wanaishi sokwe. Miti yake imeachana, ardhi ni ya vilima, na kundi moja la sokwe linazunguka eneo kubwa kiasi kwamba mtu anaweza kutembea kutwa asimwone hata mmoja. Mtafiti Alex Piel akatega huko vinasa sauti vinavyotumia umeme wa jua, vikawa vinasikiliza mchana na usiku. Matokeo aliyochapisha mwaka 2018 yalionyesha kwamba sokwe wa Issa hupiga kelele hata usiku wa manane, saa ambazo watafiti wamelala. Anne-Sophie Crunchant na wenzake wakaja kulinganisha vinasa sauti hivyo na kamera za kutegea. Baadaye, mwaka 2022, wakachapisha namna ya kujua sokwe yuko wapi kwa kusikia sauti yake tu.

Naomba tusimame kidogo kwenye hilo la mwisho. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Sokwe akipiga kelele, kinasa kilicho karibu kinaisikia kwanza, cha mbali kinafuata. Ukijua tofauti ya muda kati ya kinasa na kinasa, unapiga hesabu na kupata mahali mnyama alipo. Tatizo liko kwenye saa. Saa ya kinasa kimoja ikikosea kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, tayari umepotea mita 34. Kwa hiyo kila kinasa kilifungwa saa inayorekebishwa na setilaiti. Baada ya hapo kuna upepo, kuna nyenze, kuna mvua inayopiga majani, na vyote hivyo vimo kwenye rekodi ile ile. Kumtenga sokwe humo ndiyo kazi yenyewe ya uchakataji wa mawimbi, na mtu anaweza kuipatia shahada ya uzamivu.

Sina ugomvi na watafiti hao. Wamekaa msituni miaka mingi, na wamefanya kazi na vijana wa Kitanzania. Ila hesabu ya sauti hizo imefanywa na watu wa vyuo vya Uingereza na Marekani, na hapo ndipo moyo unaniuma. Reli yetu ya Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210 hivi, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kuhamisha madini ya risasi. Madini yalipanda behewa, na utaalamu wa kuyasafisha haukubaki hapa. Sauti za misitu yetu zimepanda behewa hilo hilo.

Na vyuo tunavyo. Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha inachukua wanafunzi wa uzamili na uzamivu peke yao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya teknolojia ya habari na mawasiliano pale Kijitonyama. Dodoma inafundisha teknolojia ya maltimedia kwa shahada ya kwanza. Vifaa navyo vimeshuka bei. AudioMoth, kinasa sauti kidogo kinachoenea kiganjani, kilibuniwa na wanafunzi wa uzamivu wa Southampton, na michoro yake iko wazi kwa yeyote. Programu za kuchakata sauti zinapatikana bure. Kitu kigumu kwenye tasnifu ya namna hii ni kupata rekodi nzuri na kumpata mtu wa kukwambia hiki ni nini na kile ni nini. Hilo mtoto aliyekulia Mishamo au Mwese analo tayari, kwa kuwa sikio lake limelelewa na msitu huo.

Chukua nyuki. Mlele ni nchi ya asali. Nimewahi kusimama na mrina asali karibu na Inyonga nikamwona akigonga mzinga wa gogo kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio, akatulia, kisha akasema hawa wanataka kuhama. Aliujua mlio wao. Katikati ya karne iliyopita Edward Woods, fundi sauti wa BBC, alitengeneza kifaa cha kusikiliza mzinga na kutambua mapema nyuki wanaojiandaa kugawanyika. Lakini nyuki wake walikuwa wa Uingereza, ndani ya mizinga ya mbao. Nyuki wetu huhama mzinga mzima kwa moshi, kwa ukame, kwa usumbufu mdogo tu, na mlio wao ndani ya gogo ni mwingine. Hiyo ni tasnifu ya uzamili inayomngoja mwenyewe. Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) pale Kibaoni inafundisha mambo ya nyuki. Aende pale, akae na warina miezi sita, arekodi, ajifunze kwao, kisha arudi Arusha na namba zake.

Fedha nitaulizwa. Vijiji 8 vya Wilaya ya Tanganyika vilivyo kwenye mradi wa hewa ukaa wa milima ya Ntakata vimepokea mabilioni ya shilingi kwa kutunza misitu, vikajenga madarasa na zahanati. Nitaambiwa pia kwamba bado kuna watoto wanaokaa chini darasani, na ni kweli, dawati litangulie. Ila fedha hizo zinaingia kwa sababu msitu umesimama. Doria za vijiji zinatembea kwa miguu kwenye eneo kubwa mno, wakati kinasa sauti kinaweza kusikia msumeno wa injini au bunduki usiku, mradi awepo mtu wa kukifundisha kutofautisha bunduki na tawi linalokatika. Mtu huyo akiwa wa hapa, akiharibikiwa na kifaa atakitengeneza bila kusubiri msimu wa watafiti.

Vikao vya bajeti vya halmashauri vinakuja. Madiwani wa Tanganyika, Mlele na Mpimbwe nawaomba mkae pamoja mtenge ada na posho ya utafiti ya wanafunzi wawili wa uzamili kila mwaka, mmoja wa misitu na mmoja wa nyuki, kwa mkataba kwamba utafiti ufanyike hapa na nakala ya kila rekodi ibaki Kibaoni. Walimu wa sekondari tuleteeni majina ya wenye hesabu na fizikia nzuri, wasichana msiwasahau. Wazee wa Kitongwe, Kikonongo na Kipimbwe wenye majina ya kila mlio wa porini walipwe kama wataalamu wanapowakalisha vijana hao chini na kuwaeleza.